Wifi yangu ndiye msusi wangu, na nywele zangu zinaisha: nihamie saluni gani?

Kwako Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja ningekuwa na jambo la kukuandikia, tena jambo la nywele, ambalo huenda wengine wataliona dogo. Kwangu si dogo. Mimi ni mwanamke niliyeolewa, ni mama, na kazi yangu ni ya kuonana na watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Tangu utotoni nywele zangu zilikuwa ndefu na nene, na ndizo watu walizonisifia kabla ya kitu kingine chochote. Sasa siwezi kutoka nyumbani bila kilemba, na nikifika kazini naingia kwanza msalani kuhakikisha kwamba hakijarudi nyuma na kuyaacha mapanja wazi.

Msusi wangu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado mdogo, na ni dada huyu aliyemlea, akamsomesha, na akasimamia hata posa yetu. Kwa jina ni wifi, lakini kwa heshima ni mama mkwe. Ana saluni yake, na tangu nilipoolewa sijawahi kusukwa kwingine. Ananitoza nusu ya bei anayowatoza wengine, mara nyingine hukataa hata hiyo nusu, na wateja wakiwa wengi hunipitisha mbele ya foleni.

Anasuka vizuri, na hilo silikatai. Mistari yake hunyooka, na watu hunisimamisha njiani kuniuliza nimesukwa na nani. Lakini anabana. Huanzia kwenye vinywele vidogo vya pembezoni mwa uso, huvikusanya kwa ncha ya kitana cha mkia, huviunga na rasta, kisha huvuta mpaka nyusi zinainuka. Usiku wa kwanza siwezi kulala ubavu, na humeza dawa ya maumivu ndipo nipate usingizi. Siku ya pili au ya tatu huota vipele vyenye ncha nyeupe kwenye mstari wa mbele. Kwa kuwa shughuli zangu ni nyingi, mara kwa mara nimekuwa nikimwomba msuko udumu, naye hunijibu kwamba kudumu kwa msuko ni kubanwa.

Mara ya mwisho aliniwekea dawa ya kulainisha, na jioni ileile akanisuka. Dawa ilipoanza kunichoma nilimwambia. Akajibu, "Vumilia kidogo, bado haijashika." Nilivumilia. Asubuhi niliamka foronya imeshikana na kisogo kwa majimaji ya vidonda. Nilipomweleza mume wangu, alisikitika kwa kweli, lakini akaniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Nywele ni zako, lakini dada ni wangu. Usinitie katikati."

Kwa siri nimekwenda kuangalia saluni mbili. Ya kwanza ni kubwa, ya vioo kuanzia sakafuni hadi darini, yenye msichana wa kupokea wateja na vyeti vimetundikwa ukutani. Mfanyakazi mwenzangu husukwa huko na hupendeza mno, na picha za kazi zao zinavutia kweli. Wasichana watatu walikuwa wakishughulikia kichwa kimoja kwa pamoja. Nikiwa nimekaa nasubiri, kitana kilimwanguka mmoja wao, akakiokota, akakipangusa kwenye aproni yake na kuendelea. Nilipoeleza shida yangu, walinishauri nifanye tiba ya keratini ya kunyoosha nywele kwa pasi. Mteja wa kiti cha jirani alikuwa akifanyiwa hiyohiyo, na mvuke wake uliniwasha macho. Nilipouliza ndani yake mna nini, niliambiwa ni protini ya asili.

Ya pili ni chumba kimoja chenye kiti kimoja, na mwenyewe ni mama wa makamo. Hakuna cheti ukutani. Aliniambia nifungue kilemba, akaosha mikono, kisha akapitisha vidole kichwani mwangu polepole, sehemu baada ya sehemu, bila kusema neno. Baadaye akaanza maswali: dawa niliweka lini, nilijifungua lini, ninatumia dawa gani za hospitali, kipele kikitoka kinauma au kinawasha. Mwisho akasema, "Mwanangu, leo sikusuki, wala sikuwekei dawa. Vidonda vipone kwanza, na hapa mbele ukaonwe na daktari wa ngozi." Hakutaka hata senti. Nilitoka pale nimekasirika, kwa sababu nilikwenda kupendezeshwa nikaambulia kufukuzwa, na hadi leo sijui kama yule mama anajua kazi au anaiogopa.

Sasa shemeji yangu mdogo anaoa, na wifi ametangaza kwamba wanawake wote wa ukoo atawasuka yeye. Nikikataa, kila mtu atauliza sababu. Nikikubali, naogopa kwamba kichwa hiki hakitastahimili. Naomba unisaidie: mtu huijuaje saluni nzuri kabla hajaharibiwa? Nihamie ile kubwa au ile ndogo? Na kwa wifi nitokeje, kama kuna njia ya kutoka?

Ni mimi,
Mwenye Kilemba

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mwenye Kilemba,

Nikikuelewa sawasawa, umeniletea mambo mawili yaliyofungwa katika fundo moja. La kwanza ni kichwa chako: kinauma, kinatoka vipele na vidonda, na nywele za mbele zinapungua. La pili ni deni la heshima kwa mtu aliyemlea mume wako, deni ambalo umekuwa ukililipa kwa kukaa kimya kwenye kiti chake. Ninaona kwamba umekuwa ukitafuta saluni itakayokutatulia yote mawili kwa mpigo, yaani saluni nzuri kiasi kwamba hata wifi akijua umehama hatakuwa na la kusema. Saluni ya namna hiyo sidhani kama ipo. Kwa hiyo niruhusu nilifungue fundo hili upande mmoja kwanza.

Nianze na kichwa, kwa sababu hicho hakisubiri harusi. Unavyovieleza vile vipele vya mstari wa mbele, pamoja na maumivu ya usiku wa kwanza na kupungua kwa nywele kwenye mapanja, vinafanana na madhara ambayo madaktari wa ngozi wameyaeleza kwa miaka mingi kwa watu wanaobana nywele kwa muda mrefu. Mzizi wa unywele ukivutwa mfululizo huvimba, kisha hudhoofika. Mwanzoni, mvuto ukikoma, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mzizi hugeuka kovu, na penye kovu hapaoti unywele tena, hata upake mafuta gani. Mimi siwezi kukuambia kwa barua uko hatua ipi, wala msusi yeyote hawezi, na ndiyo maana nisingependa hasira yako kwa yule mama wa kiti kimoja ikufanye uupuuze ushauri wa kwenda kwa daktari. Daktari atataka pia kujua kama kuna sababu nyingine, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma, matatizo ya tezi ya shingo, na hata uzazi wenyewe hupukutisha nywele. Mwanamke aliyejifungua huweza kuzipoteza kwa wingi miezi michache baadaye bila kosa la msusi wala la dawa. Ikiwa sehemu ya tatizo lako inatoka huko, hutaiponya kwa kubadilisha saluni.

Kuhusu kuungua, kuna imani moja iliyoenea sana ambayo huenda wewe na wifi yako mnaiamini pamoja, kwamba dawa ikichoma ndiyo inashika. Dawa za kulainisha nywele ni kali kwa asili yake. Nyingi zimetengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu, ileile kostiki soda ya watengeneza sabuni, na ukali wake kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, huwa kati ya 12 na 14. Hata zile zinazouzwa kama dawa za upole, zisizo na kostiki soda, huunguza zikizidishwa muda au zikigusa ngozi yenye mikwaruzo. Dawa hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya ndani ya unywele, na kazi hiyo haihitaji maumivu ya ngozi. Ngozi ikianza kuchoma, maana yake dawa imefika isipotakiwa, na linalofuata ni kuisuuza mara moja kwa maji mengi. Anayejua kazi hii hupaka kwanza mafuta mazito ya kinga kwenye ngozi na masikioni, hukuuliza kama umejikuna au umeosha nywele siku moja au mbili zilizopita, hupaka dawa kwenye maotea peke yake wala si juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa, hufuata muda ulioandikwa kwenye kopo, na hukuacha wiki nane au zaidi kabla ya kurudia. Kusuka kwa kubana jioni ileile ambayo nywele zimetoka kwenye dawa ni kuzivuta zikiwa katika udhaifu wao mkubwa kabisa. Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo maswali utakayokwenda nayo saluni yoyote, iwe ya vioo au ya kiti kimoja.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Katika barua yako nimeona ulimwambia wifi mara moja kwamba dawa inachoma. Sijaona mahali ulipomwambia kwamba nywele za mapanja zinakwisha. Yeye anakuona ukiwa kwenye kiti chake, kisha anakuona kwenye shughuli za ukoo ukiwa na kilemba, na huenda anadhani ni mtindo. Umemwomba msuko udumu, naye, kwa elimu aliyonayo, amekupa kile ulichoomba. Sisemi haya kumtetea, kwa maana mtu anayeambiwa "inachoma" akajibu "vumilia" ana la kujifunza, hata awe na mikono myepesi kiasi gani. Nayasema kwa sababu ukihama na ombi lilelile la msuko wa kudumu, msusi mpya naye atabana, na baada ya muda utajikuta unaniandikia barua kuhusu saluni nyingine.

Na lipo lile la nusu bei, ambalo naona limekugharimu kuliko unavyodhani. Mteja anayelipa bei kamili husema "legeza hapo" bila kuona haya. Anayehudumiwa kwa hisani humeza dawa ya maumivu. Sijui kama umewahi kufikiri kumlipa wifi sawa na wengine. Huenda likawa jambo gumu kulianzisha, naye huenda akalichukua kama dharau, lakini lina uwezo wa kuifungua midomo yenu nyote wawili.

Nije kwenye swali lako la jinsi ya kuijua saluni nzuri kabla haijakuharibu. Ulifanya jambo la busara kuliko unavyojua: ulikwenda ukakaa ukatazama. Watu wengi huchagua saluni kwa picha, na picha hupigwa nywele zikiwa zimetoka mikononi mwa msusi dakika hiyohiyo. Picha haikuonyeshi mstari wa mbele wa mteja huyo baada ya miezi sita. Kama ningekuwa mimi, ningewatazama wateja wa zamani wanaoingia kufumuliwa, si wanaotoka wakiwa wamependeza. Nywele zinapofumuliwa, kichwa hakina pa kujificha. Ningewatazama hata wasusi wenyewe, mapanja yao yakoje. Na ningemuuliza yule mfanyakazi mwenzako anayependeza, faraghani, kama usiku wa kwanza hulala ubavu.

Kile kitana kilichopanguswa kwenye aproni hukukitaja bure. Mapunye na chawa husafiri kwa vitana, brashi na mashine za kunyolea, na kifaa hakisafiki kwa kupanguswa. Hutolewa nywele, huoshwa kwa sabuni, kisha huzamishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ambao mtengenezaji ameuandika, ambao kwa kawaida hufika dakika kumi. Wembe wa kunyoosha mstari wa mbele ni jambo zito zaidi, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako na utupwe mbele ya macho yako. Hata hivyo, msichana mmoja aliyeangusha kitana si saluni nzima. Ungeweza kurudi siku nyingine, uombe kitana kisafi, uone wanavyolipokea ombi hilo. Saluni ambayo mteja akiomba kitana kisafi wanatazamana na kucheka imekwisha kujieleza yenyewe.

Mvuke uliokuwasha macho unanipa wasiwasi kuliko kitana. Baadhi ya dawa za kunyoosha zinazoitwa keratini zina fomalini, au kemikali inayogeuka kuwa hewa ya fomalini inapopashwa moto wa pasi, hata kama jina hilo halimo kwenye kopo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomalini katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na kuwasha kwa macho na koo ni dalili inayojulikana ya hewa hiyo. Sijui dawa ya saluni ile ilikuwa na nini, na wala wao, kwa jibu walilokupa, hawaonekani kujua. "Protini ya asili" si jibu la mtu aliyesoma kopo. Omba kulishika mkononi ulisome mwenyewe.

Kwa kuwa tumegusa kemikali, yupo msomaji atakayeniuliza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, ambao uliwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11 na kukuta kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango kinachozidi maradufu ya wasiotumia. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na hautoshi kuthibitisha kwamba moja limelileta jingine. Hata pale, ugonjwa wenyewe ulibaki kuwa wa wachache. Sikutishi kwa hayo. Ni sababu tu ya kutokwenda kwenye dawa mara kwa mara, na ya kumpenda msusi anayekuambia "bado" kuliko anayekuambia "kaa."

Hapo ndipo ninapotaka tumrudie yule mama. Ulitoka kwake umekasirika, nami naielewa hasira hiyo, kwani hakuna anayependa kuonyeshwa aibu yake na mtu asiyemjua. Lakini tazama alichokifanya: alinawa, akakagua kabla ya kuongea, akauliza mambo ambayo hakuna aliyekuuliza kwa miaka yote hii, akakataa kazi ambayo ingemwingizia fedha, na akakuelekeza kwa mwenye ujuzi kumzidi. Unauliza kama anajua kazi au anaiogopa. Naona hayo mawili hayapingani. Kwa kazi ya kostiki soda juu ya ngozi yenye vidonda, woga kidogo ni sehemu ya ujuzi. Wakati huohuo nisingekushauri umpambe zaidi ya ulichokiona. Hujamwona akisuka. Hujaona anavyosafisha vitana vyake, wala hujui mkono wake ni mwepesi au mzito, kwa kuwa kukagua na kusuka ni kazi mbili tofauti. Ana kiti kimoja, na akiugua hakuna wa kukushika. Tena anayekataa kazi leo kwa busara anaweza kesho kuwa mgumu kwa kila ombi lako, nawe umeshasema kazi yako inakutaka upendeze.

Saluni kubwa nayo isihukumiwe kwa vioo vyake. Wahenga walituonya kuhusu uzuri wa mkakasi, lakini kuna saluni za vioo zenye kazi safi, na kuna vyumba vya kiti kimoja vyenye uchafu usioelezeka. Vyeti vya ukutani vina thamani, mradi uulize ni vya nani, na kama mwenye cheti ndiye atakayekushika au ni wale wasichana watatu. Wasusi watatu kwenye kichwa kimoja huokoa muda, ila kila mmoja huvuta kwa nguvu yake, na ukisema "panauma" hujui nani umemwambia. Ukichagua kwenda huko, huenda ikakufaa kumwomba msusi mmoja tu, na kuanza na jambo dogo lisilo na madhara, kwa mfano kuoshwa na kutibiwa nywele bila dawa wala msuko. Siku hiyo utajua mengi: kama wanakuuliza maji ni ya moto mno, kama wanakuwekea taulo safi chini ya shingo kwenye sinki, kama ukisema shingo imechoka wanakuinua. Ikiwa siku moja utataka rangi, saluni makini itakupaka tone nyuma ya sikio na kukuambia urudi baada ya saa 48, na isiyo makini itakuambia haina haja.

Kama utaniuliza alama moja tu ambayo mimi huipa uzito, nitakuambia ni hii: ukisema "inauma", mkono wa msusi hufanya nini? Ukisimama, hata kama mtu mwenyewe amenuna, una pa kuanzia. Ukiendelea, sioni vyeti au undugu vitakusaidia nini.

Nakuja kwa wifi, na hapa sitakupa hukumu, kwa sababu wewe ndiwe utakayeketi naye meza moja miaka ijayo. Naona njia tatu, na kila moja ina miiba yake. Unaweza kubaki kwake kwa masharti, yaani bila dawa kwa muda, bila rasta nzito, na vinywele vya pembezoni viachwe bila kusukwa. Hii inalinda undugu, lakini inategemea mkono uliozoea kubana ubadilike, na wewe uwe na ujasiri wa kuukumbusha kila safari. Unaweza kuhama waziwazi kwa kumweleza kabla hajasikia kwa watu. Atachomwa, pengine atanuna, na mume wako atajikuta katikati hata kama hakutaka. Ila hutaishi kwa hofu ya kukutwa ukitoka kwenye mlango wa saluni ya mwingine. Au unaweza kujiondoa polepole kwa kisingizio cha daktari. Hii ndiyo njia nyepesi zaidi, na kama daktari amesema kweli upumzishe nywele, basi si kisingizio hata kidogo. Hatari yake ni kwamba ruhusa ya daktari ina mwisho, na siku ikiisha utarudi mahali ulipo leo.

Njia yoyote utakayoichukua, ningeomba mazungumzo yasifanyike saluni kwake mbele ya wateja, wala siku ya kusukana ambapo kila mtu ana haraka. Mwendee nyumbani. Fungua kilemba. Nadhani kichwa chako kitaongea vizuri kuliko maneno yako, na wewe ongeza machache tu: "Dada, nimekuja kukuonyesha kitu nilichokuwa nakuficha kwa sababu nakuheshimu. Naogopa nywele hizi hazitarudi. Nisaidie nifanye nini." Mtu aliyelea mtoto wa mama yake hadi akamwoza huenda akalipokea neno "nisaidie" tofauti na anavyolipokea neno "nimehama." Huenda pia asilipokee. Atakaposema kwamba wewe ndiye uliyetaka msuko udumu, usibishane. Ni kweli, nawe unaweza kumwambia kwamba sasa hutaki udumu.

Mume wako alikuambia usimtie katikati. Nimeyatafakari maneno hayo na ninajiuliza kama unayasikia kama katazo wakati yeye aliyasema kama mtu mwenye hofu. Hujamwomba achague. Ungeweza kumwomba jambo dogo zaidi, kwamba akusindikize kwa daktari. Akisikia maelezo kwa masikio yake, hatahitaji kuwa hakimu kati yenu, na siku dada yake atakapomuuliza, atakuwa na la kujibu lisilokuwa "mke wangu amesema."

Kuhusu harusi, unywele huota takriban sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo yeyote atakayekuahidi mapanja yaliyojaa ifikapo siku hiyo anakudanganya, awe na saluni ya aina gani. Lakini kupendeza kwa siku moja hakuhitaji kubana. Vaa wigi jepesi lisilogundishwa kwa gundi, au kilemba kilichofungwa kwa ustadi kwa kitambaa cha sare yenu, au, ikiwa vidonda vimepona na daktari ameridhia, mabutu makubwa yaliyolegea yasiyogusa mstari wa mbele. Hayo yote wifi yako anaweza kukufanyia kwa mikono yake, katika foleni ileile ya wanawake wa ukoo, bila mtu kuuliza sababu. Na yule mama wa kiti kimoja unaweza kumrudia wiki hii, kabla ya kuamua lolote, umuulize swali ambalo siku ile hasira haikukupa nafasi ya kumuuliza: vidonda vikishapona, utanisuka vipi?